Sele, kuhusu gari yako

Sele mwanangu,

Vipi huko Dodoma, vumbi linasemaje? Sisi huku wazima, Mama Junior kajifungua wa kike, wote salama, na bi mkubwa anakusalimia sana, anasema zile zabibu ulizomuahidi anazisubiri mpaka leo. Najua nimekaa kimya wiki tatu. Meseji zako nilikuwa naziona, ila kila nikitaka kujibu nakumbuka kuna jambo, naiweka simu chini. Sasa jana Kibwe kaniambia unashuka na treni mwisho wa mwezi, nikaona bora uyasikie kwangu kabla hujafungua mlango mwenyewe.

Gari nzima. Injini poa, sijagonga mtu wala sijagongwa. Ni kile kibati cha chuma chini mlangoni, kile unachokivuka ukiingia, upande wa abiria nyuma.

Ile Jumamosi ya arobaini ya mzee Shomari si mi ndo nikapewa kazi ya samaki, nikaenda Feri alfajiri nikarudi na ndoo mbili za changu na barafu juu, moja nikaibana chini nyuma ya siti. Tuta la kwanza tu ndoo ikalala. Nilifuta kapeti, nikafuta siti, nikapuliza manukato mpaka macho yakawasha, kibati sikukikumbuka kabisa, na kesho yake nikaenda Moro kikazi, kwa hiyo yale maji ya chumvi na damu yakakaa pembeni ya mpira wa mlango siku 5 na vioo vimefungwa. Harufu nisikuhadithie. Niliporudi nikakuta ramani imechorwa, weupe kama chokaa umezunguka, katikati vidoa vya kahawia vidogo vidogo ka vichwa vya njiti za kiberiti.

Mi nikajua stenlesi haishiki kutu. Kumbe inashika bwana.

Nikaanza na limau na chumvi, vile bi mkubwa anavyosugua sinia zake za shaba. Weupe ukapungua, kahawia ikabaki inaniangalia. Nikachukua stili waya ya jikoni. Hapo ndo nilipojimaliza, maana doa lilitoka Sele, lilitoka lote, nikapiga mpaka picha nikutumie kwa majivuno! Siku ya nne nafungua mlango, vidoa vimerudi na vimeleta na ndugu zao. Shemeji akasema mwagia Jiki. Nikamwagia. Usiniulize.

Nikampelekea yule mzee wa bodi pale gereji, unamjua, asiyecheka. Akainama, akapitisha kidole, akaniuliza, "Nani kakushauri waya?" Nikanyamaza. Akanieleza kwamba stenlesi ina ka-ngozi kembamba sana kanakoilinda, chumvi ikikaa juu yake muda inakatoboa, sasa mi nimetoka kwenye chumvi ya bahari nikaongeza ya jikoni, alafu waya nao unaacha vipunje vya chuma ambavyo vinaota kutu vyenyewe, ndo vile vidoa vipya. Na Jiki ina klorini, ni balaa lilelile limevaa nguo nyingine.

Dawa yake sasa, ya bei rahisi mpaka nikaona aibu. Kwanza kuosha kwa maji baridi na sabuni ya vyombo, chumvi iondoke. Weupe akaulazia kitambaa chenye siki dakika 10, akaufuta, akasuuza. Kahawia akaipaka bekingi soda iliyokorogwa na maji kidogo, nzito ka uji wa mgonjwa, akasugua kwa kitambaa cha fulana kuukuu taratibu mno. Ukikiangalia kile kibati kwa karibu kina vimistari vinaenda kwa urefu, basi mkono unafuata vimistari, hauzungushi. Alirudia mara tatu, akasuuza, akakausha mpaka kwenye pembe za mpira. Doa hamna. Hela alikataa, alitaka soda tu.

Ila mikwaruzo ya waya yangu ipo, maana mi nilisugua kwa kuzungusha. Jua likipiga mlangoni unaiona, ka paka alikuwa anatafuta njia ya kutoka. Hiyo haitoki kwa siki wala soda.

Haya, kuna kingine. Pumua kwanza.

Nilivyoona kibati kimepona nikapata kiburi, nikaona ule urembo wa silva unaozunguka gia una gundi ya ile stika aliyoibandika Junior. Nikachukua thina. Sele, ule sio chuma! Ni plastiki imepakwa rangi ya chuma, nimepitisha kitambaa mara moja silva yote imehamia kwenye kitambaa, chini kuna weusi mpana ka kucha ya kidole gumba. Mzee wa bodi nilipomwambia ndo siku ya kwanza kumuona anacheka. Kasema ile gundi ingetoka kwa mafuta ya kupikia tu, unapaka, unasubiri, unafuta. Mafuta ya kupikia! Na nyumbani lilikuwepo dumu zima.

Sa nisaidie. Kibati nikutafutie kingine kule kwenye spea mtumba au utavumilia? Wanauza kimoja kimoja au mpaka seti ya milango yote? Na hapo kwenye gia, nipeleke kikapakwe upya au nisiguse tena kitu, maana nahisi hilo ndo utasema? Shemeji yako wa Dodoma anajua lolote au tumfiche? Unafika Ijumaa au Jumamosi, nije kukupokea stesheni na nini, na hiyohiyo gari? We umekasirika?

Nijibu hata neno moja. Na zabibu za bi mkubwa usisahau, ila tafadhali zifunge vizuri zisije zikamwagika humo ndani.

Mi wako,
Hamisi