Barua kwa mwanangu kabla posa haijaenda

Baba, marahaba, na hela ya gesi imefika asante. Umeniuliza mara mbili kwa nini nimemwambia baba yako mdogo asipeleke kwanza barua ya posa na mimi nimekuwa nakuzungusha tu, sasa nakuandikia maana kwenye simu ukianza kujitetea unaongea haraka mpaka nasahau nilichotaka kusema.

Ni ile Krismasi mliyokuja. Binti tulikuwa naye jikoni anamenya ndizi, simu yake ikaita sebuleni, we ukaichukua ukaangalia ni nani, ukaikata, ukaitia mfukoni mwako. Hakusema kitu. Jioni alipokubishia kuhusu nauli mbele ya wadogo zako ukamwambia "ntakuzaba kibao we" watu wakacheka na yeye akacheka, ila mimi nilikuwa namwangalia usoni baba, yeye alicheka wa mwisho. Na kuanzia hapo kila nikimuuliza kitu, hata kama chai ina sukari ya kutosha, anakuangalia wewe kwanza ndio ananijibu mimi.

Najua utasema ulikuwa unatania na hujawahi kumgusa. Sawa, nakuamini. Lakini mama yako ni nesi, na miaka yote hii hapa Mbeya zamu za usiku zimenifundisha kumjua mwanamke anayemwangalia mtu kwanza kabla ya kujibu. Anakuja mume kamshika mkono, unamuuliza mgonjwa umefanyaje, anajibu mume, "kaanguka bafuni sista". Sasa mtu akianguka anajikinga kwa viganja, utakuta kachubuka hapo au kateguka kifundo, ila huyu viganja ni vizima na michubuko iko kwenye mkono upande wa nje, pale unapoinua mkono kuziba uso. Unaandika, unasafisha, unashona. Ukifanikiwa kumtoa mume nje kwa kisingizio cha kwenda kulipia dawa ndio unaweza kumtajia PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa, na Dawati la Jinsia pale polisi, na wengi wananijibu hapana sista, wagombanao ndio wapatanao.

Hii ya hasira ndio inanichosha kuliko zote, kwamba "hasira zilinipanda sikujijua". Mbona trafiki akimsimamisha akamwandikia faini hasira hazipandi? Anatabasamu, samahani afande. Bosi akichelewesha mshahara miezi miwili anavumilia, anarudi nyumbani ndio anapandisha, na kabla hajaanza anafunga mlango na kuongeza sauti ya redio. Mtu asiyejijua anakumbukaje redio? Anajijua vizuri sana, anachagua nani wa kumpiga na wapi asionekane, na kabla ya kufika huko alianza na simu, pasiwedi, tuma lokesheni, kwa nini umechelewa dakika ishirini, yule shoga yako simpendi usiende kwake tena. Mwaka unaisha binti hana mtu wa kumpigia.

Na wala sikutupii lawama zote we peke yako, haya mambo mmelishwa. Kuna ule utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16, wale wanaopita nyumba kwa nyumba, waliuliza watu kama mume ana haki ya kumpiga mkewe akiunguza chakula, akimbishia, akitoka bila kuaga, asipojali watoto au akimnyima unyumba. Wanaume waliosema ndio kwa angalau sababu moja walikuwa asilimia 40. Wanawake? 58. Wanawake baba! Nilivyosoma sikushangaa sana manake kitchen party nimehudhuria nyingi, bibi harusi kakalishwa kwenye mkeka kafunikwa kanga, mashangazi wanapokezana, mume ni kichwa, akiwa na hasira nyamaza, mambo ya chumbani hayatoki nje, vumilia mwanangu hata sisi tulivumilia. Wanafunda kabisa namna ya kumpikia baada ya ugomvi. Sijawahi kusikia mtu akimwambia ukipigwa njoo nyumbani usiku huohuo, mlango utafunguliwa. Siku hizi nikipewa maiki huwa nalisema hilo tu halafu nakaa, na kuna mashangazi ambao hawanialiki tena, potelea mbali.

Na msijifanye hayo ni mambo ya kwetu huku mikoani. WHO, hilo Shirika la Afya Duniani, walitoa utafiti 2005, Tanzania walifanya Dar na Mbeya, wanawake waliokuwa wamewahi kupigwa au kulazimishwa na mwenzi wao Mbeya walikuwa asilimia 56, Dar 41. Sisi tumewazidi kweli ila 41 nayo sio ya kujisifia.

Kuhusu lile swali lako la siku ile, kama anapigwa si aondoke. Rebecca Cheptegei yule mkimbiaji wa Uganda, Agosti 2024 kakimbia marathoni ya Olimpiki kule Paris, Septemba mosi yule aliyekuwa mwenzi wake akammwagia petroli na kumchoma moto nyumbani kwake huko Trans Nzoia Kenya, siku nne baadaye akafariki hospitali Eldoret. Huyo sio mnyonge wa mwili, hela zake alikuwa nazo, na walikuwa wameshaachana. Kuondoka ndio saa ya hatari zaidi, na wanaokaa wengi hawakai kwa ujinga, wanapiga hesabu.

Sheria nayo ujue. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, haijalishi mila inasema nini. Imeandikwa kabla sijaolewa mimi. Na inamlinda mume pia, wanaume wanaopigwa wapo, nimewashona, wao wanasema wameanguka na bodaboda.

Sasa nachotaka. Kwanza pasiwedi ya simu yake usiwe nayo, mwambie abadilishe na usiulize amebadilisha kuwa nini. Hiyo lokesheni izimwe. Shoga yake mwambie arudi kumtembelea na we siku hiyo nenda kaangalie mpira. Na ukitaka kubishana naye bishana, mimi na baba yako tulibishana mpaka majirani wakatujua sauti, ila sikuwahi kupima maneno kwa kuogopa mkono wake.

Pili, barua ya posa iko kabatini kwa baba yako mdogo na itakaa hapo mpaka nimeongea na binti mimi mwenyewe, we usiwepo. Nimeshamtumia nauli, anakuja wikiendi ijayo na basi la asubuhi, usimsindikize na usimpigie kila kituo kumuuliza amefika wapi. Akisema anakutaka, posa inaenda mwezi huohuo na ng'ombe nachangia. Akisema hapana au akasema anataka muda, mshenga atarudishiwa hela yake ya usumbufu na we hutamuuliza aliniambia nini.

Mama yako