Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kubishania Upya

Ndugu wanachama,

Mahesabu mmeshagawiwa na mhazini. Sina la kuongeza ila kuwaomba wenye malimbikizo ya ada wamalize. Nafasi iliyobaki naitumia kwa lile lililokula vikao vyetu vingi: kesi za hataza (haki ya kipekee anayopewa aliyevumbua kitu kipya) za protini za tiba, pale mmoja anapodai kwamba utafiti wa zamani uliitangulia dawa ya mwenzake.

Tulianza na kifurushi. Mwaka 1975 Takaji Miyake alimpelekea Eugene Goldwasser huko Chicago kifurushi kilichofungwa kwa hariri. Ndani mlikuwa na masalio makavu ya lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wa Japani ambao uboho wao ulikuwa umeshindwa kutengeneza damu. Humo ndimo ilimosafishwa erithropoietini, homoni inayouchochea mwili kutengeneza damu, miligramu chache tu, na matokeo yakachapishwa 1977. Baadaye kampuni ya Amgen waliizalisha kwa seli za mamalia zilizopandikizwa jeni, wakapata hataza. Sasa, kama dutu ilishatoka kwenye mkojo, jipya ni lipi?

Wengi wetu, nami nikiwa mbele kabisa, tulisema jipya ni seli. Hukumu ya Uingereza ya 2004 ikatunyamazisha. Jaji Lord Hoffmann na wenzake walishikilia kwamba njia mpya haiifanyi bidhaa ile ile kuwa mpya, na dai la 26 la hataza hiyo (dai ni kifungu kinachotaja kile hasa kinacholindwa) likaanguka. Marekani, mwaka 2009, mahakama ya rufani ikaamua vingine: minyororo ya sukari iliyoshikamana na protini ya seli ilitofautiana na ya mkojo, kwa hiyo kutaja seli ndani ya dai kulibeba tofauti ya kweli. Upande wetu ukaringa hadi kikao kilichofuata.

Kikao hicho kilikuwa cha interferoni beta, protini nyingine ya tiba. Kampuni ya Biogen walitetea protini yao ya uhandisi jeni, lakini mwaka 2020 mahakama ile ile ya rufani ikaurejeshea nguvu uamuzi wa jurii (raia walioisikiliza kesi) kwamba utafiti wa awali uliitangulia. Dai lilikuwa limeitambulisha protini kwa mfuatano wake wa asidi amino, na mfuatano huo ulikuwa ule ule wa interferoni ya asili ambayo wagonjwa walishapewa. Jinsi protini inavyojikunja haikutajwa popote kwenye dai, kwa hiyo haikuweza kuliokoa.

Mimi sioni kwamba hukumu hizi mbili za Marekani zinagombana, ingawa katibu bado ananikatalia. Kamati, hata hivyo, imekubaliana: kila rasimu ya dai inayoletwa kwetu ipigiwe mstari mwekundu chini ya maneno yanayoitofautisha bidhaa yenyewe, mbali na jinsi ilivyotengenezwa.

Rasimu ya kwanza kupimwa ilikuwa yangu. Nilieleza utengenezaji kwa kurasa nne, bidhaa kwa mstari mmoja. Ilirudi bila wekundu wowote. Naiandika upya kwa ajili ya kikao cha Januari, na katibu ameomba safari hii nisiilete wajumbe wakiwa wameshaketi.

Mwenyekiti