Barua kwa Mwanangu: Usingoje Ujipange

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sisi hapa nyumbani tu wazima, ila mama yako goti bado linamsumbua kila anapoinama kugeuza dagaa, na hilo nitalieleza mbele. Ujumbe wako niliupata juzi baada ya Alasiri, nikausoma mara mbili, kisha nikamwomba mdogo wako anisomee kwa sauti nipate uhakika kwamba macho hayakunidanganya. Umesema kwamba mipango ya safari ya Muscat imekamilika, kwamba utaondoka mwishoni mwa mwezi, na kwamba hutapita nyumbani kwanza kwa sababu bado unajipanga.

Neno hilo la kujipanga ndilo lililonifanya nishike kalamu badala ya kukupigia simu, maana kwenye simu ungesema "sawa baba" kabla sijafika nilikokusudia kufika. Huu ni mwaka wa nne. Idi ulikuwa unajipanga, na harusi ya dada yako ilipofika ulikuwa bado unajipanga, ukatuma fedha ya shughuli nasi tukaipokea kwa shukrani, lakini dada yako siku nzima alikuwa akitupia jicho mlangoni. Siandiki ili nikulaumu, ingawa naona nimekwisha kulaumu. Ninapokwenda msikitini watu huniuliza habari zako, nami huwajibu nikiwa nimeinua kichwa, kwa sababu tangu uondoke sijapata kuletewa neno baya juu yako, wala hujapata kuniomba hata nauli. Jambo hilo ninajivunia, na nataka ulijue.

Lakini hebu nikueleze kitu ambacho sikupata kukueleza. Nilipokuwa kijana niliajiriwa kutengeneza njia ya reli pale Tabora, mahali ambapo reli inagawanyika, moja ikienda Mwanza na nyingine ikija huku kwetu. Treni niliyoitazama ikiondoka jioni ilikuwa ikiamkia Kigoma, safari ya kama kilomita 400 tu, na mimi kwa miaka sita sikuipanda, kwa sababu nilikuwa nimejiapiza kwamba sitaonekana nyumbani mpaka niwe na cherehani ya kumpa mama yangu. Nilirudi nayo. Nilimkuta amekaa barazani juu ya mkeka, anachambua maharage, kila punje akiizungusha kwenye ncha ya kidole gumba kabla ya kuitia kwenye ungo, nami nikasimama mbele yake nikingoja ainue uso na kunitambua. Aliinua uso, akauliza ni nani. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yote mawili, na hakuna aliyeniandikia, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwakataza wasinikatishe kazi. Niliposema jina langu alinipapasa paji la uso, pua, na hili kovu la kidevuni, asiseme neno kwa muda mrefu. Cherehani hakuitumia hata siku moja. Ndiyo ile iliyo chini ya dirisha la chumba chetu, ambayo mlikuwa mkikatazwa kuichezea.

Yale yaliyosemwa usiku ule kabla hujaondoka, kuhusu mtoto wa jirani na nyumba aliyowajengea wazazi wake, unayakumbuka kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia. Msimu ulikuwa mbaya, na mtu mwenye hasira ya msimu mbaya hutafuta wa kumtupia. Hata hivyo, mtoto hakupaswa kuondoka na maneno yale.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, chanja zetu za kuanikia dagaa zilikaa tupu miezi mitatu. Nilikwenda dukani kukopa unga na mafuta ya taa, nikiwa nimejiandaa kujieleza, na mwenye duka akaandika kwenye daftari lake bila kuniuliza nitalipa lini. Nilitoka pale na mfuko wangu, nikaona kwamba mimi si mtu niliyeshindwa katika maisha haya, ingawa sina ghorofa wala gari. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipofika nyumbani na kukumbuka kwamba jirani ananiamini kwa unga, na mwanangu wa kumzaa haniamini kwamba nitampokea akiwa mikono mitupu. Ukiniuliza leo mafanikio yangu mimi ni nini, ni wewe kubisha hodi hapa usiku wowote, na begi lisilo na kitu ndani, na usiwe na hofu ya macho ya baba yako. Kwa kipimo hicho, miaka minne hii mimi ndiye ambaye sijajipanga.

Muscat nenda. Sikuzuii, ila mkataba usomewe na mtu mwingine kabla hujatia sahihi, na nakala yake mwachie dada yako. Lakini pita nyumbani kwanza. Usiniambie habari ya umbali, maana siku hizi treni ya umeme inakufikisha Dodoma kwa saa chache, na kutoka hapo mabasi ya kuja huku yapo. Usinunue zawadi. Mama yako ukimletea kitenge atakipokea na kukiweka sandukuni, kama avifanyavyo vitenge vyote.

Kuhusu goti lake, nimeanza kumjengea chanja mpya yenye kimo cha kiuno, ili aanike na kugeuza akiwa amesimama. Miguu nimekwisha kuisimika, bado kukaza wavu wa juu, kazi ambayo haifanywi na mtu mmoja, na mdogo wako anashika upande mmoja kwa dakika mbili kisha anaitwa na wenzake. Ukiweza, njoo wakati wa mbalamwezi, kwa sababu wavuvi wa taa hawatoki, dagaa hawapo, na sote tutakuwa nyumbani mchana kutwa.

Mawese ya mwaka huu yametoka mazuri, mekundu na mazito. Madumu mengine yamekwisha kuuzwa, limebaki moja, na nimemwambia mama yako asilitoe kwa mnunuzi yeyote mpaka nipate jibu lako.

Wasalaam,
Baba yako