Kabla hujaishusha boti Mtera

Dodoma,
Jumapili jioni.

Ndugu yangu Elia,

Mbukwa! Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, upepo na vumbi tu ndivyo vinavyotusumbua.

Nilifurahi kusikia boti imefika, kisha nikapata hofu niliposoma kwamba utakwenda kuvua Mtera peke yako. Umeniuliza uanze na jaketi okozi au kile kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti. Nakujibu kama mtu aliyewahi kuanguka katika bwawa lile.

Nilikuwa peke yangu, injini inakwenda taratibu, nikasimama kunasua ndoano. Boti ikagonga kisiki kilichozama, nami nikajikuta majini. Injini isiyoshikwa mkono hujipinda yenyewe, basi boti ikazunguka na kunirudia, propela bado inakata maji. Simu, filimbi na jaketi, vyote vilikuwa ndani ya boti. Wavuvi wawili wenye mtumbwi ndio walioniopoa.

Kwa hiyo anza na kamba ya kuzimia injini. Ile nyekundu iliyojisokota kama waya wa simu ya mezani, huenda imekuja na injini yako. Ivae mguuni kabla hujawasha. Ukianguka inachomoka, injini inazima, na boti haikukimbii. Nyingine iweke ya akiba.

Halafu jaketi. La povu halina mtungi wala kidonge cha kuharibika, lakini kwa jua la Oktoba utalivua ulikalie, nakujua. Kwako nachagua la kujijaza lenyewe, lenye nguvu ya kukuelesha ya nyutoni 150. Kidonge chake kikilowa huyeyuka, msumari unatoboa mtungi wa gesi, na jaketi linafura hata kama umegonga kichwa na kuzimia. Hakikisha lina mkanda wa kupita katikati ya mapaja, la sivyo litakupanda hadi masikioni. Mtungi ukaze kwa mkono kila safari, na mara mojamoja uupime kwenye mzani wa jikoni: uzito umechongwa juu yake, na ukipungua gesi imevuja. Ndoano ziweke mbali nalo. Kabla hujalipa, muulize muuzaji mtungi na kidonge vya kubadilishia utavipata wapi.

Kupanda tena botini ndiko wengi hawakufikirii. Nguo zimelowa, jaketi limefura kifuani, ukingo uko juu. Usijaribie Mtera, kuna mamba na viboko. Boti ikiwa bado kwenye trela, funga ngazi ya kamba nyuma, pembeni mwa injini, kisha piga magoti chini uone kama mkono unafika kuivuta. Usipofika, ongeza kamba.

Kile cha setilaiti ni kizuri. Kinarusha ishara kwa megahezi 406, nayo huonekana hata pasipo na mtandao wa simu. Lakini waokoaji hadi wafike Mtera ni saa nyingi, na maji yale si ya kukaa saa nyingi. Kinunue baadaye, ukisajili kwa jina lako, na kikae kwenye jaketi. Kuna na kifaa kingine cha kuita meli zilizo karibu; hicho kiache kabisa, mitumbwi ya wavuvi wetu haina cha kuipokea ishara hiyo.

Jumamosi nitakuja na mzani wangu na kamba ya katani. Nakuomba sana, kaka, usiishushe boti kabla sijafika.

Wako,
Daudi