Karanga zangu zilifungwa kwa kitabu

Ndugu Mhariri,

Nauza vitabu vya mtumba Ngamiani, Tanga, mwaka wa 23 sasa, kwenye baraza ya fundi cherehani aliyenionea huruma akanipa kona. Mara kwa mara mnaandika kwamba watu hawasomi. Sikuja kubishana na hilo, ingawa kwangu hapa yuko fundi baiskeli mmoja ambaye kila mchana husoma kurasa kama kumi kwa kusimama, akaweka jani la mwarobaini kuwa alama, akarudisha kitabu mahali pake. Tangu Ramadhani hajanunua hata kimoja. Simfukuzi. Kilichonileta ni karanga.

Juzi baada ya alasiri nilinunua karanga za shilingi 200. Nilipozimaliza nikakikunjua kikaratasi, maana siwezi kutupa karatasi yenye maandishi kabla sijaitazama. Ulikuwa ukurasa wa kijitabu cha Mtu ni Afya. Vijana hawakijui. Ni ile kampeni ya mwaka 1973: watu wanakaa kikundi kuzunguka redio, kipindi kikiisha mmoja anawasomea wenzake sura ya siku hiyo, wanajadiliana, kisha wanakwenda kutenda. Nchi nzima walishiriki watu kama milioni mbili. Mama yangu alikuwa mmoja wao, kule Muheza, chini ya mwembe, nami mtoto wa miaka kumi nikimbebea kigoda. Na ukurasa wenyewe, uniwie radhi Mhariri, ulikuwa wa kuchimba choo. Pembeni mtu ameandika kwa penseli: "Nyumba 4 bado." Neno lililofuata limeliwa na mafuta ya karanga.

Nikamrudia kijana aliyeniuzia karanga.

"Mwanangu, karatasi hizi unazipata wapi?"

"Za kilo hizo, mama."

Chini ya meza yake lilikuwapo sanduku la bati limejaa. Ananunua kwa shilingi 800 kilo moja, kwa watu wanaosafisha nyumba za marehemu. Kitanda kina mrithi, kabati lina mrithi, kiwanja kina kesi. Vitabu havina hata wa kuvigombania. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 karatasi imekuwa mali, kwa hiyo simlaumu. Alinieleza hesabu zake kwa upole kabisa. Kamusi moja nene anaitumia siku tatu. Msahafu hagusi, Biblia hagusi. Vya hisabati ndivyo anavyovipenda, maana mteja hasimami kuvisoma akamzibia njia. Na wako wajanja, akaniambia, wanaovimwagia vitabu maji kidogo kabla ya kuvipeleka kwenye mzani.

Hilo la maji ndilo lililonichoma. Pwani hii mimi napigana na unyevu kutwa kucha. Masika vitabu vyangu navipanga wima, vipate hewa, juu ya mbao iliyoinuliwa kwa matofali ili mchwa wasinifikie. Kilichoshika ukungu nakianika jua la asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa nne, nikifunua kurasa chache chache. Jua la adhuhuri linakausha gundi, mgongo unakatika. Halafu mtu anachota kopo la maji apate shilingi 50 zaidi!

Katika sanduku lile niliokota kitabu cha Shaaban Robert kisicho na jalada. Ndani kimeandikwa kuwa ni zawadi ya nafasi ya pili, darasa la saba, 1978. Huyu ni mtu wetu, kazaliwa hapo Vibambani mwaka 1909. Wageni wanatoka mbali kuniuliza njia ya kwenda kijijini kwake. Wenyeji wananiuliza kama nauza vocha.

Kwa fedha simuwezi yule kijana. Tumeafikiana hivi: kilo ya gazeti kwa kilo ya kitabu. Nampelekea magazeti ya zamani, naye ananiachia sanduku nilipekue kabla hajaanza kuchana. La kwako, Mhariri, analipenda kuliko mengine kwa upana wake, ila analalamika kwamba wino unaachia kwenye karanga. Usichukie.

Ninachowaomba wasomaji wako ni kidogo. Mzee akifariki, kabla hamjamwita wa kilo, chukueni kitabu kimoja kimoja mkitikise. Nimekuta picha za harusi, stakabadhi za mishahara ya mashamba ya mkonge, na mara moja hati ya kiwanja, ambayo niliirudisha kwa wenyewe wakalia sana na kunipa chane ya ndizi. Mkishatikisa mkaona hamvihitaji, vileteni Ngamiani. Vilivyolowa sipimi.

Na kama yuko mwenye kijitabu cha Mtu ni Afya kilichokatika katikati, chenye maandishi ya penseli pembeni, ukurasa wake mmoja ninao mimi, nimeuweka ndani ya kamusi unyooke. Ningependa kujua kama zile nyumba nne zilichimba.

Mama wa vitabu,
Ngamiani, Tanga