Spana, nisaidie kabla ya Jumapili

Kizota, Dodoma
Jumatatu usiku

Kwako Spana,

Mbukwa! Hujambo mwenzangu? Watoto hawajambo? Na shemeji, mguu umepoa? Huku wote wazima, upepo na vumbi la Dodoma unavijua mwenyewe. Mama anakusalimu sana, anauliza lini utamletea mtoto amwone.

Najua nimekaa kimya tangu msiba wa mwalimu wetu. Kila nikishika simu najiambia nitapiga kesho, na kesho ikifika niko juu ya magunia. Nisamehe. Leo nimeamua kuandika kwa sababu jambo lenyewe lina hesabu, na hesabu kwa simu hazikai. Nataka uzisome mara mbili, uzikosoe kwa kalamu nyekundu kama ulivyokuwa ukikosoa daftari langu pale VETA.

Nanunua gari. Yapo mawili mbele yangu, moja la dizeli na moja la petroli, na dalali amenipa mpaka Jumapili. Sijalala vizuri tangu Ijumaa.

Biashara yangu ya mashudu ya alizeti unaijua: napanda Singida na tela tupu, narudi nalo limejaa, nagawia wafugaji wa Veyula, Nala na Ihumwa. Sasa mwezi uliopita tulikuwa tunarudi, mdogo wangu kwenye usukani, mimi pembeni. Magunia 40, kila moja kilo 60, hiyo ni kilo 2,400. Tela lenyewe tupu kilo 650. Tani tatu na ushee, nyuma ya pikapu ndogo ambayo haikuumbwa kwa mzigo ule, na kosa ni langu kwa sababu mimi ndiye niliyesema tupakie. Tulipoanza kushuka mteremko wa Saranda nikahisi tela linatusukuma. Unaijua hali hiyo, gari linakuwa kama limepigwa bega kwa nyuma. Mdogo wangu akaingiza gia ya tatu, akaingiza ya pili, injini inalia, breki zikaanza kunuka, pedali ikawa inakwenda mpaka chini bila kushika. Akaliegemeza gari kwenye udongo wa ukingo wa kushoto mpaka likasimama. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka tumefika Kintinku, na mdogo wangu hakusema neno mpaka Bahi. Pikapu ile haivuti tena tela langu. Nimeshaitangaza.

Haya, magari yenyewe. Yote ni Land Cruiser pikapu, zile tunazoziita mkonga, ya mkononi, yameshatumika hapa nchini miaka mingi. La kwanza lina injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina tabo, ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi. Mwenyewe anataka milioni 52 na hashuki. La pili ni petroli, 1FZ ya lita 4.5, nayo silinda sita, na huyu anataka milioni 34. Bodi ya petroli ni nzuri zaidi, chesesi haina kutu, na kadi iko kwa jina la mwenyewe. Hapo ndipo ninapokwama, Spana. Milioni 18 ni tela jipya lenye breki, na matairi, na mtaji wa safari kadhaa za mashudu.

Ukiuliza mafundi wote wa huku, kuanzia Babu Gia mpaka vijana wa Majengo, jibu ni moja kabla hujamaliza swali: dizeli. Dizeli ina nguvu, petroli ni ya kwendea harusini. Nimewasikiliza, kisha nikarudi nyumbani nikafungua daftari la zamani, maana nilikumbuka ulivyonifundisha kutofautisha nguvu na uvumilivu. Ile 1HZ inatoa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa Nm 285 injini ikiwa kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Ile 1FZ inapita 360, ila ipo juu kidogo, kwenye mizunguko 3,200 hivi. Kwa hiyo kwa haya mawili, lenye nguvu ni la petroli! Habari ya dizeli kuwa na nguvu ni ya kweli ukizungumzia dizeli zenye tabo. Angalia Hilux: ile dizeli ya lita 3.0 ya 1KD inatoa 343 kuanzia mizunguko 1,400, wakati petroli yake ya 2.7 inatoa 241 mpaka uikanyage ifike 3,800. Hapo sibishani na mtu. Lakini dizeli isiyo na tabo, tena huku kwetu juu ya mita 1,100 ambako hewa ni nyepesi na injini ya namna hiyo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, itapanda kilima polepole sana. Itapanda, haitalalamika, ila utahesabu miti. Nilimweleza hivyo Babu Gia akanitazama kama nimetukana ukoo wake.

Tuje kwenye mafuta. Mwenye petroli ni mtu muungwana, aliniruhusu nilijaribu na tela langu. Nilijaza tangi mpaka mdomoni, nikapakia magunia 30, nikaenda Bahi na kurudi, nikajaza tena kituo kilekile. Kilomita 110 zilikula lita 24. Hiyo ni kilomita nne na nusu na kitu kwa lita, na barabara ile ni tambarare, haina Saranda ndani yake. Tela likiwa tupu linakwenda sita. La dizeli sikuruhusiwa kulijaribu na mzigo, lakini jamaa zetu wawili wenye injini hiyohiyo wananiambia saba likiwa limebeba na tisa likiwa tupu, na hao si watu wa kutia chumvi. Inaeleweka, maana lita moja ya dizeli ina joto zaidi ya lita ya petroli kama kwa sehemu moja ya kumi, na dizeli inakandamiza hewa zaidi ya mara 20 wakati petroli inaishia tisa hivi.

Basi nikapiga hesabu. Kwenda Singida kilomita 240, kurudi 240. Petroli lita 92 kwa safari, dizeli lita 61. Tofauti lita 31. Nikienda mara nne kwa mwezi ni lita 124, na nikiweka shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, ni 372,000 kwa mwezi. Milioni 18 gawanya kwa hiyo: miezi 48. Miaka minne, Spana! Miaka minne ya kuvuta tela ndipo dizeli irudishe ile milioni 18 ya ziada. Nikienda mara nane kwa mwezi inakuwa miaka miwili, na hapo dizeli inaanza kuwa na sura. Lakini mzigo wa kwenda mara nane sina sasa hivi. Nitakuwa nao? Msimu wa alizeti ukiwa mzuri, labda. Najua pia dizeli ile nikiiuza baada ya miaka mitano itanirudishia pesa karibu yote, na ile petroli nitaizungusha kwa madalali mpaka nichoke. Hilo nalo lina uzito wake.

Shemeji wa Dar ananiambia ninunue petroli nifunge gesi, kwa sababu kule wanafunga wengi. Sasa mitungi ile itakaa wapi na mashudu yatakaa wapi? Na kati ya Manyoni na Singida nitajaza wapi? Nimemwacha.

Narudi Saranda, kwa sababu kila nikifumba macho ninarudi huko. Mafundi wanahesabu kupanda. Mimi mzigo wangu unashuka! Ninapopanda tela ni tupu. Na hili nalo, nadhani, watu wengi wanalielewa kinyume: wanasema dizeli inashika vizuri mteremkoni kwa sababu mkandamizo wake ni mkubwa. Lakini hewa iliyokandamizwa inarudi kusukuma pistoni kama springi, inachokunyang'anya inakurudishia. Kinachoshika gari la petroli ukiachia pedali ni kile kilango cha hewa kinachofunga, injini inabaki inavuta hewa isiyopata, na kazi hiyo ndiyo inayokupunguzia mwendo. Dizeli ya zamani ya aina hii haina kilango hicho, inameza hewa yote wakati wote. Ndiyo maana malori makubwa yanawekewa breki ya bomba la moshi. Sasa kama ni hivyo, kwa mtu anayeshuka na mzigo, petroli ina heri kidogo. Nipo sahihi? Au kuna kitu nimekisahau? Hapa ndipo nahitaji akili yako kuliko mahali popote, kwa sababu nikikosea hapa sikosei pesa, nakosea mdogo wangu.

Na ukweli ni kwamba iwe petroli iwe dizeli, breki za tela lenyewe ndizo zitakazotushikilia. Tela langu halina breki. Tani tatu zinategemea breki za gari moja! Land Cruiser hizi zimepimwa kuvuta mpaka kilo 3,500, lakini hiyo ni kwa tela lenye breki zake. Lisilo na breki linatakiwa liishie kilo 750. Tela langu likiwa na magunia mawili tu limeshapita. Nimekaa miaka mitatu nikifanya hivyo na hakuna askari wala fundi aliyeniuliza. Nikinunua dizeli ya milioni 52, pesa ya kuweka breki kwenye tela haipo mpaka mwakani. Nikinunua petroli, naweka mwezi huu. Unaona inakoelekea? Lakini nikilala nasikia sauti ya Babu Gia, nasikia lita 92, na pump ya mafuta inazunguka namba ndotoni.

Jambo jingine kuhusu lile la dizeli. Nilifika saa moja asubuhi makusudi, nikalikuta limeshawashwa na boneti ina joto. Mwenyewe akasema alilitoa kumpeleka mtoto shule. Inawezekana. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha nisinunue gari ambalo sijaliwasha likiwa la baridi. Nilifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, moshi ukawa unatoka kwa mapigo, si mwingi, ila unatoka. Moshi wa bomba mweusi kidogo ukikanyaga, sikuona wa bluu wala mweupe. Rejeta haikutoa mapovu. Oili nyeusi, lakini ya dizeli huwa nyeusi siku ya pili tu baada ya kubadilisha, kwa hiyo hapo sikusoma kitu. Kama ringi za pistoni zimekwisha, milioni 52 zinakuwa milioni 60 kabla sijafika Singida, maana ovaholi, pampu na nozeli unazijua bei zake. Petroli ikisumbua itanidai plagi, koili, au kwa bahati mbaya gasketi.

Ndiyo sababu nina ombi. Ile geji yako ya kompresheni, ya kupimia mkandamizo wa silinda, ile ya dizeli uliyonunua kwa yule Mhindi wa Iringa, bado unayo? Yangu ni ya petroli, inaishia psi 300, na dizeli nzima inapita 400, nitaivunja bure. Huku nimeulizia gereji nne, kila mmoja anapima kwa sikio. Kama unaweza kupanda basi Ijumaa uje nayo mwenyewe, nauli yote juu yangu, na Jumamosi alfajiri tunakwenda pale kabla mwenyewe hajapiga mswaki, tunalikuta la baridi. Kama huwezi, mpe kondakta wa basi la asubuhi, aniandikie namba yake, nitaipokea stendi. Ila ningependa uje. Mama atapika mlenda na ugali wa mtama, na mdogo wangu anataka kukusimulia Saranda mwenyewe, anadhani mimi nimeitia chumvi. Ukipita Mtera tuchukulie samaki, wale wabichi, usikubali waliokaa juani.

Sasa nijibu haya, hata kwa ujumbe mfupi usiku wa manane. Je, hoja yangu ya kilango cha hewa inasimama? Moshi ule wa kwenye kifuniko cha oili unakupa wasiwasi kiasi gani, kwa injini iliyokwenda kilomita laki tatu na zaidi? Ungekuwa wewe, magunia ungeishia mangapi, 35? Breki za tela zinazojifunga zenyewe tela likisukuma gari zinatosha au nitafute za umeme, na nani huko Iringa anayejua kuzifunga vizuri? Yule fundi wetu, aliyekuwa anakaa nyuma darasani na Kipara, bado yuko Ipogolo? Na wewe ulivyoshuka mteremko wa Nyang'oro na lile lori la mbao mwaka ule, ulikuwa gia ya ngapi?

Unakuja Ijumaa?

Wako,
Nati