Gudi lililohamwa

Athumani ndugu yangu,

Asalaam aleikum. Watoto hawajambo? Na Bi Mkubwa, goti limemwachia? Huku sote wazima, joto tu la Mombasa ndilo linalotumaliza. Najua nimenyamaza tangu Idi, utanigombeza baadaye. Soma kwanza, nina shida nawe na Jumamosi i karibu.

Ule mchezo wetu wa kuigiza hadithi kwa dadu ya pande 20 bado upo, na msimulizi sasa ni mimi. Kundi limechoka na mapango. Abudi hajaingia mlangoni keshauliza sanduku la dhahabu liko wapi. Basi nimewatungia gudi lililohamwa, yaani mahali pa kuundia vyombo, ndani ya mikoko, lina mtepe, chombo cha kale cha kushonwa, ulioachwa nusu. Sanduku hakuna. Hazina ni chombo chenyewe.

Kwa sababu mbele yao baharini kuna mlima wa sumaku, ule wa hadithi za mabaharia wa kale, unaong'oa misumari ya jahazi mpaka mbao zinatawanyika. Mtepe umeshonwa kwa kamba za kumbi, hauna msumari hata mmoja, utapita. Niliuona ule wa mfano kwenye makumbusho ya Beit el Ajaib, Zanzibar, kabla sehemu ya jengo haijaporomoka Desemba 2020: omo, yaani sehemu ya mbele, kama shingo ya ngamia, tanga lenyewe mkeka. Tangu siku ile nautafutia mchezo.

Adui wao wa kwanza ni maji. Watafika yamekupwa, wazunguke chini ya mataruma, zile mbavu za chombo, wakidhani ni nchi kavu, wabwage mizigo. Baada ya saa 6 yamejaa, tena ni bamvua, maji makuu, zaidi ya mita 3! Kibandani kuna mapipa ya sifa, mafuta ya papa ya kupakia vyombo, na Mwanaisha namjua, ataingia na mwenge. Jini nimemtia pia, usicheke, bila jini Abudi atasusa. Haonekani. Usiku wanasikia keekee ya kutobolea mbao inazunguka gizani, asubuhi mishono yote waliyoshona jana imekatika.

Sasa nilipokwama: mafundi walihama kwa nini? Mwanzo niliandika laana, nikafuta, rahisi mno. Magudi ninayoyajua mimi yamekufa kwa mambo ya kawaida: mbao zimepanda bei, mwenye chombo halipi, vijana wamekimbilia boti za faiba. Nataka wachezaji waigundue sababu kwa macho: tezo ya kuchongea imebaki imekita ubaoni, uzi wa kumbi umeishia kwenye tundu la katikati. Lakini kama ni deni, fundi angeacha tezo yake? Haachi. Vita nayo... hapana, ndiyo yale yale ya kila siku.

Ndipo nikamkumbuka ami yako wa Matondoni, Lamu, fundi wa vyombo. Hebu muulize: chombo kikiachwa nusu, hufanywaje? Mbao hutolewa zikaunde kingine, au hakiguswi? Ni jambo gani lingemfanya yeye aondoke bila kubeba vifaa vyake? Na siku ya kushua chombo majini, husomwa nini? Halafu wewe mwenyewe, unashuka lini huku? Unahodha nimekuwekea, Abudi anautaka lakini atauzamisha mtepe kabla haujatoka mkondoni. Zile dadu zako za kijani zipo, au watoto wameshazimaliza? Nijibu kabla ya Ijumaa, hata kwa sauti. Mwanaisha asijue habari ya mapipa.

Wako,
Salimu